Maji, umeme na chakula: jua linaweza kusaidia nini upande wa Wamaza

Kusini ya Maniema, kati ya Kasongo na Kabambare, mtu akisikia neno «umeme» ao «moto» mara nyingi anafikiri vitu viwili: taa ya nyumba na kuchaji simu. Ndiyo maana pano ndogo za jua zimejaa juu ya nyumba za nyasi na za manjanja, na vijana wengi wanaishi kwa kazi ya kuchajia watu simu. Ni jambo zuri, lakini ni kazi ndogo ya jua. Kazi kubwa iko mahali pengine: kwenye maji ya kunywa, kwenye muhogo na mpunga, kwenye bustani wakati wa kiangazi, na kwenye friji ya chanjo.

Makala hii inaeleza namna maji, umeme na chakula vinavyoshikana, jua linaweza kufanya nini, haliwezi nini, na mambo gani kijiji kinapaswa kuuliza kabla ya kupokea mradi wowote.

Mambo matatu, kamba moja

Ili maji yatoke chini ya udongo, inahitajika nguvu: ya mikono ya wamama, ya esansi, ao ya umeme. Ili chakula kipatikane, inahitajika maji, kisha nguvu ya kukausha, kusaga na kupika. Na maji yakiwa machafu, kuni nyingi zinaenda kwa kuyachemsha. Ukigusa kimoja, umegusa vyote vitatu.

Wataalamu wa dunia walianza kulisema jambo hilo kwa nguvu katika mkutano wa Bonn, Ujerumani, mwezi wa 11 mwaka 2011. Mwezi wa 1 mwaka 2015, Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA), lenye makao yake Abu Dhabi, lilitoa ripoti nzima juu ya nafasi ya jua, upepo na maji katika fungamano hilo. Kwa hesabu za dunia, karibu litre 70 kati ya litre 100 za maji ambazo watu wanachota zinaenda kwenye kilimo, na karibu asilimia 30 ya nishati yote inatumika katika safari ya chakula, kutoka shamba mpaka sahani.

Wakaaji wa mashariki ya Kongo hawahitaji ripoti ili kuelewa. Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, vita ilipoingia Goma, umeme ulikatika. Mara moja pompi za maji zikasimama. Mji uko pembeni ya Ziwa Kivu, maji yanaonekana kwa macho, lakini mabomba yalikauka na watu wakarudi kuchota ziwani, hali hatari ya kipindupindu ikiwa juu. Maji hayakuisha. Kilichoisha ni nguvu ya kuyasukuma.

Mito tunayo, umeme hatuna

Kongo ni nchi tajiri ya mito. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972 na Inga 2 mwaka 1982. Zikiwa nzima zina uwezo wa megawati 1.775. Waya mkubwa wa umeme unatoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, kwa ajili ya migodi ya Katanga. Unapita juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata taa moja.

Maniema pia ina hadithi ya namna hiyo. Kiwanda cha umeme wa maji cha Lutshurukuru, upande wa Kalima, kilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya kasiteriti. Umeme ulifuata madini, haukufuata watu. Mpaka leo, katika nchi nzima karibu mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme, na vijijini hesabu inayotajwa mara nyingi ni asilimia 1.

Kwa hiyo, mwenye kukaa Wamaza akisubiri waya wa SNEL uvuke misitu na Lualaba, atasubiri sana. Esansi na mazutu zipo, lakini zinatoka mbali. Kila kilometa ya barabara mbaya inaongeza bei, na mvua ikikata njia, mashini inalala. Jua haliombi barabara. Pano inasafiri mara moja tu. Jua lenyewe linafika kila asubuhi.

Na pompi si kitu kigeni huku. Kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Salamabila, watu wanatumia pompi za esansi kutoa maji ili wachimbe, kisha maji machafu ya kuosha mchanga yanashuka mitoni kwa wale wanaochota chini. Nguvu ya kusukuma maji imefika kwenye dhahabu kabla ya kufika kwenye bomba la kijiji.

Pompi ya jua inafanya kazi namna gani

Foraji ni kisima chembamba kinachotobolewa kwa mashini mpaka kwenye maji safi ya chini. Ndani yake inashushwa pompi ya umeme. Juu wanaweka pano, kisanduku cha kuongoza umeme, na tangi lililopandishwa juu ya minara ya miti, chuma ao matofali. Jua likipanda, pompi inasukuma. Maji yanajaa tangi. Kutoka pale yanashuka yenyewe mpaka kwenye mabomba.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kijiji kinataka litre 10.000 kwa siku, ndiyo bidoni 500 za litre 20. Kufuatana na kipimo cha misaada ya dharura, cha litre 15 kwa mtu kila siku, maji hayo yanatosha watu zaidi ya 600. Kuyapandisha metre 30 kunahitaji, kwa fizikia tupu, chini ya kilowati-saa moja. Pompi na waya zinapoteza nguvu, basi tuhesabu kilowati-saa mbili. Pano tatu za wati 300 zinaweza kutoa nguvu hiyo siku ya jua la kawaida, na kubakiza kidogo kwa siku ya mawingu. Pano tatu tu: watu wengi wanafikiri inahitajika uwanja mzima.

Kuna shida moja ya saa. Jua kali liko kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa. Wamama wanachota saa kumi na mbili asubuhi, na tena jioni. Watu wanajibu haraka: «Tuweke betri.» Lakini betri ni ghali, na nyingi zinazouzwa sokoni zinachoka kisha miaka miwili, mitatu ao minne. Jibu zuri ni tangi kubwa. Betri inahifadhi umeme. Tangi linahifadhi maji yenyewe, na tangi lililojengwa vizuri linadumu miaka mingi. Fundi anayejua kazi anaongeza tangi kabla ya kuongeza betri.

Akili hiyo hiyo iko katika friji mpya za chanjo. Chanjo nyingi zinapaswa kubaki kati ya digri 2 na 8. Friji za zamani za vituo vya afya zilitumia petroli, ao jua na betri. Betri ikikufa, chanjo zinaharibika. Friji za siku hizi zinaungwa moja kwa moja na pano, na mchana zinatengeneza barafu ndani ya kuta zake. Usiku barafu ndiyo inalinda chanjo.

Maji kidogo, muhogo wenye sumu

Watu wengi hawajui kwamba ukosefu wa maji unaweza kuingia mpaka ndani ya fufu. Muhogo mchungu una sumu ya asili, sianidi. Wazazi wetu walijua dawa yake: kuloweka siku tatu ao zaidi, kisha kukausha vizuri juani. Maji yakiwa mbali, ao mtu akiwa na haraka ya kuuza sokoni, anafupisha: siku moja, ao usiku mmoja tu. Sumu inabaki.

Mtu akila muhogo wa namna hiyo kwa majuma mengi, bila samaki, nyama wala maharagi ya kutosha, anaweza kushikwa na konzo: miguu inakaza ghafla, na anatembea kwa shida maisha yake yote. Haina dawa ya kuiponyesha. Inapiga zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938 katika eneo la Kwango, magharibi ya nchi, na neno «konzo» lenyewe ni la Kiyaka. Lakini si ugonjwa wa huko tu: wagonjwa wameonekana pia Kivu ya Kusini, upande wa Burhinyi.

Kwa hiyo bomba karibu na nyumba ni kinga ya chakula pia. Na kuna njia ambayo haihitaji pano wala pesa. Unga wa muhogo uliokwisha kutwangwa unachanganywa na maji mpaka ulowane, unatandazwa juu ya mkeka, wembamba chini ya sentimetre moja, kwa saa mbili juani ao saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha unapikwa siku ile ile. Njia hiyo ilijaribiwa na wamama wa Popokabaka, huko Kwango, na ilikubalika.

Vilevile maji ya kunywa: chupa ya plastiki inayopenya mwangaza, isiyopita litre mbili, iliyojaa maji yasiyo na tope, ikiachwa juani saa sita nzima, vijidudu vingi vya kuharisha vinakufa. Siku ya mawingu mengi iachwe siku mbili. Hiyo pia ni nishati ya jua, na inapunguza kuni za kuchemshia.

Mpunga, bustani na mashini ya kusaga

Kasongo na Nyangwe zinajua mpunga tangu karne ya 19, wakati wa misafara ya Waungwana kutoka pwani ya mashariki. Mpaka leo Maniema ni nchi ya mchele. Lakini mkulima anayeuza mpunga wenye maganda anapata kidogo; anayekoboa na kupanga mchele wake anapata zaidi. Ni vilevile kwa muhogo na unga, na kwa karanga na mafuta yake. Umeme ukifika kwenye mazao, pesa inabaki kijijini.

Mfano uko Kivu ya Kaskazini. Hifadhi ya Virunga ilianza na kiwanda kidogo cha umeme wa maji Mutwanga mwaka 2013, kisha Matebe mwishoni mwa 2015, chenye megawati zaidi ya 13. Pamoja na taa za nyumba, umeme wa Mutwanga ulizaa kiwanda cha sabuni kinachotumia mawese ya wakulima, na kiwanda cha chokoleti kwa kakao yao. Upande wa jua, kampuni Nuru ilifungua Goma, mwezi wa 2 mwaka 2020, mtandao wa megawati 1,3. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba imepata pesa za kujenga mitandao mingine, na Kindu imo katika orodha.

Kwa bustani, kiangazi ndio wakati wa faida. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, mboga zinapungua na bei inapanda. Pompi ndogo ya jua pembeni ya mto inaweza kumwagilia nyanya, vitunguu na lengalenga bila esansi. Kenya, kampuni kama SunCulture zinauza pompi za namna hiyo kwa wakulima wadogo, wanaolipa kidogo kidogo kwa simu.

Lakini mashini ya kusaga ni jambo lingine. Mashini ya kawaida ya soko inaomba kilowati 4 mpaka 7. Pompi yetu ya juu iliomba pano tatu. Mashini hii inaomba ishirini ao zaidi, na vifaa vya bei vya kuigeuzia umeme. Vinu vidogo vya jua vipo, vinasaga polepole. Kijiji chenye mto unaoanguka karibu, turbini ndogo ya maji inaweza kuwa jibu zuri kuliko pano, sababu inafanya kazi usiku na mchana. Kabla ya kuchagua, lazima mtu apime mto wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Akiupima wakati wa mvua, atajidanganya.

Mambo ambayo jua haliwezi

Tusidanganyane: pano hazitapika fufu ya kijiji kizima. Kupika kunakula nguvu nyingi kuliko taa, simu na pompi vyote pamoja. Zaidi ya nyumba tisa kati ya kumi nchini zinapika kwa kuni ao makala, na hilo halitabadilika kesho. Kinachowezekana sasa ni mbabula bora zinazopunguza makala, kuni zilizokauka vizuri, na kupanda miti ya haraka karibu na vijiji.

Pia jua halina bili, na hilo lina hatari yake. Pompi ya mazutu inasimama mafuta yakiisha. Pompi ya jua haina sababu ya kusimama. Kila foraji ina kipimo chake cha maji kwa siku, ambacho wachimbaji wanakipata kwa kuijaribu. Kipimo hicho kinapaswa kuandikwa na kubaki kwa komite ya kijiji. Ukivuta kupita kipimo, mchanga unaingia na pompi inakufa.

Kinachokufa kwanza si pano

Pano nzuri inafanya kazi miaka 20 mpaka 25. Lakini katika mashariki ya nchi, mtu anaweza kuona tangi zuri limesimama kavu, bomba zimeshika kutu, na wamama wanapita pembeni wakienda mtoni. Mara nyingi pano ni nzima. Kilichokufa ni kisanduku cha kuongoza umeme, pompi, robine, ao sanduku la pesa.

Tuchukue mfano. Nyumba 200 zikitoa franka 1.000 kila mwezi, ni franka 200.000 kwa mwezi, milioni 2 na elfu 400 kwa mwaka. Pesa hiyo inaweza kununua robine, kumlipa mlinzi na fundi, na kuanza kuweka akiba ya pompi mpya. Zikilipa nyumba 40 tu, haifiki hata laki tano kwa mwaka, na pompi ikikufa hakuna kitu. Kijiji kinatangaza: «Mradi umeharibika.» Kweli mradi ulianza kuharibika siku nyumba ya kwanza ilipokataa kulipa na hakuna aliyesema neno.

Wenye kukosa kabisa, wazee wasio na mtu na wakimbizi wa ndani, mkutano wa kijiji unaweza kuwaachilia. Lakini uamuzi huo uandikwe, usibaki mdomoni mwa mtu mmoja. Katika miji na vijiji kadhaa vya Kongo kuna vyama vya watumiaji maji vinavyoitwa ASUREP, ambavyo vinauza maji, vinatunza hesabu na kuzionyesha kwa wakaaji. Programu ya «Villages et écoles assainis» nayo imezoesha vijiji vingi kuchagua komite. Muundo si mgeni. Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu kusomwa mbele ya watu wote, na mama mmoja ao wawili kati ya wale wanaoshika funguo, sababu wao ndio wanaojua siku maji yanapokosa.

Sheria inasema nini

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 2014 ilifungua kazi ya umeme: si SNEL peke yake tena, kampuni na wengine wanaweza kutengeneza na kuuza, na majimbo yana sehemu yao ya kutoa ruhusa. Ndiyo iliyoleta pia ANSER, shirika la serkali la kupeleka umeme vijijini na pembeni ya miji. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inahusu maji, na inaweka huduma ya maji mikononi mwa majimbo na sekteri, sheferi na komuni. Maana yake ni kwamba mkaaji wa Wamaza ana mlango wa kugonga karibu kuliko Kinshasa: sekteri yake, teritware yake, na Kindu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupiga makofi

Wageni wakifika na mradi wa jua, mkutano wa kijiji uulize haya, na majibu yaandikwe:

1. Umeme huu utafanya nini kwanza: maji, kituo cha afya, mazao, ao taa za barabara?
2. Foraji inatoa litre ngapi kwa saa, na ilijaribiwa mwezi gani?
3. Tangi ni la litre ngapi? Linaweza kuvuka siku mbili za mawingu?
4. Pano na pompi ni za aina gani, zina garanti ya miaka mingapi, na vipuri vinapatikana wapi: Kasongo, Kindu, Kalemie ao Bukavu?
5. Ni nani mwenye vifaa kisha mradi kwisha: kijiji, sekteri, kanisa, msikiti ao shirika?
6. Kila nyumba italipa ngapi, nani anashika pesa, na hesabu zitasomwa tarehe gani?
7. Ni vijana gani wawili wa hapa watafundishwa kufungua na kufunga pompi, na watalipwa na nani?
8. Siku pompi itakapokufa, fundi atatoka wapi, na atafika kisha siku ngapi? Katika siku hizo, watoto watakunywa maji gani?